Uliza Mvua Kwanza, Bei Baadaye

Mtu akishajua kwamba mimi ndiye hupangia ndugu na marafiki safari za kwenda kuangalia wanyama, swali lake la kwanza huwa, "Ni shilingi ngapi?" La pili, "Simba tutamwona?" Yote mawili nayajibu kwa swali langu: mnakwenda mwezi gani? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Mwezi ndio unaochagua hifadhi, hifadhi inachagua barabara, barabara inaamua mtalala wapi na mara ngapi, na bei ni hesabu ya mwisho baada ya hayo yote. Ukianza na bei utapata safari ya bei hiyo, sikatai, ila unaweza kufika mahali ambapo wanyama uliowafuata walishahama zamani.

Sina kampuni wala leseni ya utalii. Mimi ni yule shangazi ambaye kila ukoo unaye, anayepewa daftari na kalamu kila kukiwa na shughuli. Nakaa kaskazini mwa Tanzania, kwa hiyo ninayoyasema ni ya upande wetu: Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Ruaha na Katavi zina watu wake wa kuzieleza.

Haya, mvua. Vuli huanza mnamo Novemba. Januari na Februari mvua hupungua, halafu masika yanashika Machi hadi Mei, na baada yake ni kiangazi kirefu, Juni hadi Oktoba. Nyumbu wa Serengeti, zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala wa kuhesabiwa kwa malaki, wanaishi kwa kufuata majani mabichi yanayoachwa na mvua hizo. Desemba hadi Machi wako kusini, Ndutu na nyanda za nyasi fupi. Masika yakienda ukingoni wanasogea magharibi upande wa Mto Grumeti, ndiyo Mei na Juni hiyo. Julai hadi Oktoba wengi wako kaskazini, Kogatende na ng'ambo ya mpaka kule Maasai Mara, kwa sababu ya Mto Mara, unaotoka misitu ya Mau nchini Kenya kwenda kumwaga maji Ziwa Viktoria na ambao haukauki wakati mito mingine imebaki madimbwi. Vuli ikipiga, wanateremka tena kusini.

Usiyachukue hayo kama ratiba ya basi. Mvua ikichelewa nao wanachelewa, na mvua ikinyesha mahali isipotarajiwa wanaweza kugeuza njia katikati. Ndiyo maana mtu akiniambia ameahidiwa kuona nyumbu wakivuka mto tarehe fulani, namuuliza aliyemwahidi ana mkataba na mawingu?

Shemeji yangu mmoja alinipigia simu akiwa na furaha yake. "Shemu, likizo imetoka. Februari. Nataka wale nyumbu wa kuvuka mto, na mamba."

"Februari pale mtoni utawakuta mamba, shemeji. Nyumbu utawaota."

Alinuna kidogo. Nikamweleza kwamba Februari ina jambo lake, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la mtoni. Nyanda za kusini zina udongo wa majivu ya volkano za zamani. Chini kidogo ya udongo huo kuna tabaka gumu linalozuia mizizi ya miti kushuka, ndiyo sababu unatazama hadi macho yanachoka bila kuona mti, nyasi fupi tu. Lakini nyasi zenyewe zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, yaani ndiyo chakula cha mama anayenyonyesha. Nyumbu hupandana mnamo Mei na Juni, wanabeba mimba kwa miezi minane na zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya ndama wanazaliwa ndani ya wiki mbili tatu hivi, Februari hiyo. Simba, fisi na duma wanakula mpaka wanashindwa. Ndama wengi wanapona kwa sababu tu wamezaliwa wengi kwa mpigo.

Tukaenda Ndutu. Asubuhi ya pili dereva alizima gari mbali kidogo na kundi, akatuonyesha nyumbu mmoja aliyekuwa akilala na kuamka, analala, anaamka. Miguu miwili ya ndama ilikuwa imeshatokeza nyuma. Wenzake walikuwa wanakula majani kama hakuna kinachoendelea. Bweha wawili walikuwa wamekaa hatua chache pembeni, wametulia kabisa, wakisubiri kondo la nyuma. Ndama akaanguka chini akiwa amelowa, rangi ya mchanga, mama akageuka kumlamba. Akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakubali, ya mbele ikakataa, akapiga pua chini. Akajaribu tena, akayumba kama meza iliyokatwa mguu mmoja mfupi. Kabla maji niliyokuwa nimemimina kwenye kikombe hayajaisha, alikuwa anakimbia ubavuni mwa mama yake, vibaya, lakini anakimbia. Shemeji alikuwa ameshika simu mkononi muda wote na hakupiga picha hata moja. Mamba hakuwataja tena.

Kwa anayetaka mto kweli kweli, basi ni kaskazini, Julai hadi Oktoba, na namsihi asiende kulala mara moja tu. Kundi linaweza kufika ukingoni asubuhi, likasimama, likanusa maji, likakaa hapo mpaka jua la utosi, halafu pundamilia mmoja akishtuka wote wanarudi walikotoka. Kesho yake wanavuka ndani ya nusu saa. Dereva mzuri anakaa nyuma na gari lake mpaka wa kwanza waingie majini, kwa maana magari yakijipanga ukingoni ndiyo yanayowarudisha. Ukimwona dereva wako anakimbilia mbele ili wewe upate picha, mwambie arudi. Unalo neno, wewe ndiye uliyelipa.

Jambo moja kwa ndugu zetu wanaopanga kuunganisha Serengeti na Maasai Mara katika safari moja. Kwenye ramani ni nyika moja, na nyumbu wanaipita kila mwaka. Msafiri havuki hapo. Anazunguka hadi Sirari au Namanga kugonga mhuri wake, na mzunguko huo unakula siku nzima, yenye afya. Upange humo, au uchague upande mmoja.

Tarangire ni kinyume cha Serengeti ya kusini, na hapo wengi wanachanganyikiwa. Mvua ikinyesha, wanyama wa Tarangire wanatawanyika nje ya hifadhi, wengi kuelekea nyanda za Simanjiro. Kiangazi kinapokaza, Julai hadi Oktoba, wanarudi kwenye Mto Tarangire kwa kuwa ndio wenye maji. Ukienda Septemba unakaa juu ya kingo za mto na kuona makundi ya tembo yakiteremka moja baada ya jingine kati ya mibuyu, mabibi mbele, vitoto katikati. Mto unaweza kuonekana mkavu juu, tembo wanachimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka maji yanatokeza, na wakishaondoka pundamilia na ngiri wanakuja kunywa kwenye vishimo hivyo hivyo. Kwa mtu mwenye siku mbili tu za mwisho wa wiki mwezi Septemba, simpeleki Serengeti hata akinililia. Arusha hadi Tarangire ni kama kilomita 120, lami karibu yote.

Aprili nayo? Bei za hoteli hushuka, kambi nyingine hufungwa, na unaweza kukaa na simba saa nzima bila gari la pili kutokea. Naipenda Aprili. Lakini naipenda nikiwa na gari la kuvuta magurudumu yote, dereva mwenye subira na abiria wasiolalamika, kwa sababu udongo mweusi ukilowa hauna urafiki, na ukinasa unanasa. Watoto wadogo siwapeleki masika.

Sasa nije kwenye kitu ambacho vitabu vya picha havikisemi, nacho ndicho kinachoharibu safari nyingi: saa za kibali. Kibali cha kuingia hifadhi ya taifa kinahesabiwa saa 24 tangu ulipoingia getini, na ni cha kuingia mara moja. Ukitoka umetoka, kurudi ni kulipa upya. Kwa hiyo saa unayoingia ndiyo inayoamua saa ya kutoka siku ya mwisho. Ukiingia Serengeti kwa Geti la Naabi saa 4 asubuhi na umelipia siku mbili, basi keshokutwa saa 4 uwe umeshatoka, na kutoka Seronera, katikati ya hifadhi, hadi Naabi si hapa na hapo. Maana yake asubuhi yako ya mwisho, yaani saa zile wanyama wako kazini, unaitumia kukimbizana na karatasi. Utawaona pale Naabi watu waliochelewa, wanabishana na karani kwa sauti ya upole. Mimi napendelea kuingia saa 7 au saa 8 mchana. Jioni ya kwanza naipata, na asubuhi ya mwisho naipata nzima, pamoja na chai yake.

Ngorongoro ina mamlaka yake, si ya Shirika la Hifadhi za Taifa, na ina kiingilio chake. Barabara ya kutoka Arusha kwenda Serengeti inapita humo ndani. Kwa hiyo hata kama shida yako ni Serengeti tu, unalipa Ngorongoro kwa kupita, na ukirudi kwa njia hiyo hiyo siku nyingine unalipa tena. Gari kushuka ndani ya kreta, lile bonde la volkano ya zamani, kuna ada yake peke yake, mbali na kiingilio cha mtu. Nimeona makadirio ya bei ambayo hayo yameachwa nje kwa makusudi ili tarakimu ionekane ndogo, kisha mgeni anaambiwa getini. Omba mchanganuo kwa maandishi: kiingilio cha kila hifadhi, siku ngapi, mara ngapi mnapita Ngorongoro, mnashuka kreta au hamshuki, mafuta, chakula, malazi. Anayekataa kuandika, achana naye.

Ndutu nayo ina mtego wake mdogo. Eneo lile liko mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti. Ukilala upande wa Ngorongoro na nyumbu wakawa wamesogea upande wa Serengeti, unahitaji vibali vya pande zote mbili. Muulize dereva wiki ya mwisho kabla ya kulipa: wako wapi sasa? Madereva wanapigiana simu kila siku, wanajua.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wana bahati ambayo wengi wao hawaitumii. Geti la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Unaingia moja kwa moja Serengeti magharibi bila kugusa Ngorongoro wala kulipa kitu chake. Mwezi Juni, nyumbu wakiwa Grumeti, hiyo ndiyo njia. Mvua zikiwa nyingi iogope, ni udongo mweusi ule ule. Na upande huo una mbung'o. Usivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawaita, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Hata Tarangire wapo. Anauma juu ya shati, na ukimpiga anaamka anaendelea na safari yake.

Jirani yangu alinunua kifurushi cha hifadhi nne, kulala mara tatu. Karatasi ilikuwa inapendeza: Tarangire, Manyara, Serengeti, Ngorongoro, kila moja na picha yake. Nikamkokotolea kwa kalamu. Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa baada ya Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro, ni vumbi na mawimbi yanayokupiga meno. Ndani ya hifadhi mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Ukijumlisha kufungasha, kusubiri getini na kula, alikuwa amelipia kiti cha gari, si wanyama. Alikwenda hivyo hivyo, pesa ilikuwa imeshatoka. Aliporudi alinisifia kiti, kweli kilikuwa kizuri.

Hifadhi mbili zinatosha, tatu kama una wiki. Katika hizo, chagua moja ya kulala mara mbili au tatu mahali pamoja. Ukilala hapo hapo, jioni dereva anajua simba jike wamelala kwenye mawe gani, na alfajiri mnakwenda moja kwa moja.

Kuhusu kutulia, nitakupa mfano mmoja. Tulikuwa karibu na Mto Seronera, kuna mwegea mkubwa wenye matunda yake yanayoning'inia. Magari yalikuwa mengi, chui yuko juu, mkia tu ndio unaonekana. Kila gari likija linakaa dakika tano, watu wanapiga picha ya mkia, wanaondoka kutafuta kitu kingine. Mwanangu wa kaka akaanza, "Shangazi, twende, huyu hasogei." Nikamwuliza dereva, "Kaka, wewe unaonaje?" Akaangalia juu, akasema kwa upole, "Mama, tumbo lake halijashiba. Atashuka." Tukabaki. Jua lilipoanza kulala chui akasimama, akajinyoosha, akateremka shina kichwa mbele, akapita mbele ya bampa letu bila hata kututazama, madoa yake yanacheza mabegani. Alikuwa karibu kiasi kwamba tulimsikia akipumua. Yule mtoto hakusema neno mpaka kambini, na anayemjua anajua hiyo si kawaida yake.

Dereva ndiye safari. Hoteli ikiwa mbovu utalala usiku mmoja na kusahau, dereva akiwa mbovu unaye kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Kabla ya kulipa huomba kuongea naye kwenye simu, si mwenye ofisi. Namuuliza mambo mepesi: mwezi huu ungenipeleka wapi? Nikimsikia anataja njia na miezi, natulia. Nikimsikia anasema kila kitu kipo kila mahali, natafuta mwingine. Na usiku wa kwanza nakaa naye mezani tukubaliane: tunaondoka saa ngapi, tunabeba chakula au tunarudi kula, tunapenda ndege au hatupendi, nani mgongo unamuuma. Mwambie pia kwamba hutaki akimbizwe na redio ya mawasiliano. Redio ikisema kuna kifaru, magari yote yanageuka. Wakati mwingine ni vizuri kugeuka, wakati mwingine ulikuwa unamtazama duma anayejiandaa.

Magari yanaruhusiwa kutembea kuanzia saa 12 asubuhi. Ondoka hapo hapo, na chai mkaibebe. Saa mbili tatu za kwanza na za mwisho ndizo zenye mambo. Kuanzia saa 5 mpaka saa 9 simba ni zulia, na wewe pumzika.

Mavazi sitayasema mengi. Kahawia, kijani, krimu. Koti zito ni lazima, na hapa watu wa Dar es Salaam hawaniamini: ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai unatoa moshi mdomoni. Kina mama wabebe kanga mbili. Moja kichwani na puani wakati wa vumbi, nyingine ya kumfunika mtoto aliyelala. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo nguo chafu uzifungie kwenye kitambaa. Mkienda kwa ndege ndogo za kutoka Arusha, begi liwe laini, lisizidi kilo 15, sanduku gumu litabaki uwanjani. Darubini moja nzuri kwa kila watu wawili ni bora kuliko kamera ya bei mbaya, kwa kuwa nyika ni pana na vitu vingi viko mbali. Kuhusu malaria, muone daktari kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

Na kuchimba dawa. Hakuna anayelizungumza mpaka hali imekuwa mbaya. Ndani ya hifadhi hushuki garini popote unapojisikia, kichaka kinaweza kuwa na mwenyewe. Kuna vyoo Naabi, vipo kituo cha wageni Seronera, vipo sehemu za kulia chakula. Kila mkifika penye choo, wote mshuke, anayetaka na asiyetaka. Hiyo ni sheria yangu, na wazee ndio huvunja.

Wazee nao wana njia yao. Baba mdogo alitaka sana Serengeti, mgongo ukakataa. Tulimpangia Tarangire, kisha Manyara, kisha kreta, kwa sababu lami inakufikisha karibu kabisa na hifadhi hizo, na tulimweka kiti cha mbele, ambacho hakirushi kama cha nyuma. Kwenye kreta aliuliza mbona haoni twiga. Hawamo. Kuta zina karibu mita 600 kwenda juu na chini hakuna miti ya kuwatosha, basi wamebaki nje huku. Alifurahi zaidi kwa kujua hilo kuliko kwa simba wote, na sasa anawatega wenzake kwa swali hilo hilo.

Pesa, basi. Mtanzania, na raia yeyote wa Afrika Mashariki, analipa kiingilio kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa mbali. Ila unaonyesha kitambulisho: cha taifa (NIDA), au pasipoti, na vyeti vya kuzaliwa kwa watoto. Ukikisahau, maelezo hayasaidii, hata ukiongea kilugha. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, kwa simu au kadi, kwa hiyo yamalize mjini, mtandao wa getini unaweza kukuweka foleni mpaka jua likugeukie.

Ninapobana ni kwenye malazi. Kambi za umma pale Seronera, Pimbi, Nyani, Dik Dik na Tumbili, hazina uzio, zina jiko lenye nondo na choo, na usiku fisi anakuja kunusa. Hutoki hemani, basi. Wapo ambao hawatalala hapo hata walipwe, na hao wana hosteli na hoteli. Nisipobana ni kwenye gari, kwenye mafuta na kwenye siku. Gari bovu linaweza kukulaza nyikani, na siku iliyopunguzwa hairudishwi na godoro zuri.

Hata kreta naifanya kwa kulala Karatu, nje ya geti, ambako kuna nyumba za wageni za kila mfuko. Inataka kuamka saa 10 usiku ili geti likifunguliwa saa 12 uwe mbele, ushuke wakati ukungu bado umelala kwenye kuta. Wapo waliokataa usumbufu huo, wakalipa mara kadhaa zaidi walale ukingoni kabisa, juu ya kreta yenyewe, na asubuhi wakashuka kunywa chai saa 3. Hao kreta waliiona mchana kweupe, pamoja na magari mengine yote.